Ganda la Yai Kutoka Turkana: Je, Ni la Dinosaria, na Ninaweza Kuliweka?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule moja ya upili hapa Nairobi. Shemeji yangu, ambaye hufanya kazi ya kuchimba visima Turkana, aliniletea mwezi uliopita vipande vitano vya kitu kinachofanana na ganda la yai. Ni vinene kuliko ganda la kuku, vina rangi ya kijivu na hudhurungi, na aliviokota juu ya ardhi karibu na mto uliokauka. Nilidondosha siki kwenye kipande kimoja kikatoa povu, na rafiki yangu akaniambia kwamba povu hilo ni dalili ya dinosaria. Pia nimempata muuzaji mtandaoni mwenye vipande vidogo vya ganda la dinosaria kutoka Argentina, Mongolia na China, pamoja na yai zima, na anasema kila kimoja kina cheti. Ningependa kuanzisha mkusanyiko mdogo wa kufundishia. Je, vipande vya shemeji ni vya dinosaria? Nivisafishe na kuvihifadhi vipi? Na vile vya mtandaoni, ninunue?"

Mwalimu, kabla ya jambo lingine lolote nakusihi usitie siki tena kwenye vipande hivyo. Kile ulichokwisha kukitia, kisuuze kwa maji safi, kiache kikauke kivulini, kisha kiweke peke yake katika bahasha na uandike juu yake kwamba kiliguswa na siki. Mengine yote katika barua yako tunaweza kuyazungumza kwa utulivu.

Nikikuelewa vyema, unataka kujua vitu ulivyo navyo ni nini, kama una haki ya kuviweka, na jinsi ya kuanzisha mkusanyiko bila kutapeliwa. Kwa ufupi, vipande vya shemeji yako yamkini ni vya mbuni wala si vya dinosaria. Iwapo ni vya kale, si mali yako wala yake, na mahali pake ni Makavazi ya Kitaifa. Vile vya mtandaoni, ushauri wangu ni kwamba usivinunue. Sababu za majibu hayo ni ndefu kuliko majibu yenyewe, na naamini ndizo zitakazokufaa zaidi darasani.

Tuanze na povu. Siki ni asidi, na chochote chenye kalsiamu kaboneti kikikutana na asidi hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Ganda la yai la kuku litatoa povu, na vivyo hivyo kombe la konokono, jiwe la chokaa na tumbawe la Mombasa. Povu limekuonyesha tu kwamba kipande kina kaboneti. Kwa upande mwingine, ganda la dinosaria ambalo nafasi ya kalsiamu kaboneti yake imechukuliwa na silika (madini ya mchanga) kutoka katika maji ya ardhini halitatoa povu lolote. Jaribio hilo basi halithibitishi wala halikanushi, na kila tone hula uso wa ganda, yaani sehemu ileile ambayo mtaalamu huitazama kwanza.

Unene nao hupotosha watu wengi. Ganda la kuku lina unene wa takriban theluthi moja ya milimita, na la mbuni hufikia takriban milimita 2, kwa hiyo mtu anayelijua la kuku tu huona la mbuni kuwa la ajabu. Lakini unene hauendi sambamba na ukale. Ndege mkubwa wa Madagaska aitwaye Aepyornis, aliyetoweka takriban miaka 1,000 iliyopita, alitaga mayai yenye ganda la milimita 3 hadi 4. Kinyume chake, mayai ya Massospondylus yaliyopatikana Golden Gate, Afrika Kusini, ambayo ni miongoni mwa mayai ya kale zaidi ya dinosaria yanayojulikana, yakiwa na umri wa takriban miaka milioni 190, yana ganda jembamba kuliko la kuku. Yeyote atakayekwambia kwamba kinene ni cha dinosaria atakuwa amekupa kanuni isiyokuwapo.

Kinachotofautisha ganda moja na jingine ni namna lilivyojengwa. Ndani ya mwili wa mama, yai hufunikwa kwanza kwa utando wa nyuzi. Juu ya utando huo huota vifundo vidogo sana vilivyosongamana, na kutoka kila kifundo fuwele za madini yaitwayo kalisiti, ambayo ni kalsiamu kaboneti ileile, hukua kuelekea nje hadi zinapobanana na kuwa ukuta, huku zikiacha vitundu ambavyo kiinitete hupitishia hewa na mvuke. Katika dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu, hasa titanosauri, fuwele hizo hutanuka kutoka chini hadi juu bila kubadilika, na uso wa nje mara nyingi huwa na vinundu unavyoweza kuvihisi kwa ncha ya kidole. Katika theropodi, kundi lililowazaa ndege, ukuta una tabaka mbili zinazotofautiana, na ndege wengi wameongeza tabaka la tatu upande wa nje. Ujue basi kwamba ganda la mbuni na ganda la theropodi ni ndugu wa damu, na kuyatenganisha kunahitaji kipande kikatwe chembamba na kutazamwa chini ya hadubini, jambo ambalo macho matupu hayawezi kulifanya. Aidha, si dinosaria wote walitaga mayai yenye ganda gumu. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba mayai ya Protoceratops na Mussaurus yalikuwa na ganda laini, na ganda la namna hiyo huhifadhika kwa nadra sana.

Ganda gumu huhifadhika vizuri kwa sababu tayari ni madini hata kabla ya kuzikwa. Likifunikwa upesi na mchanga au tope la mafuriko, kalisiti yake inaweza kubaki karibu kama ilivyokuwa kwa mamilioni ya miaka. Maji ya ardhini huweza kuiyeyusha, kuipanga upya au kuibadilisha kuwa silika, na njiani hulitia ganda rangi: chuma huleta wekundu na hudhurungi, manganizi huleta weusi. Rangi ya vipande vyako inasimulia habari za udongo vilimolala kuliko habari za umri wake. Na zingatia hili, kwa maana huwakosesha hata watu makini: ganda la mbuni lililoungua motoni huwa la kijivu, hata jeusi, na mtu akiliokota huliona kama jiwe.

Sasa tutazame ardhi yenyewe. Ukiwaacha ndege kando, dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mawe ya volkano yaliyo chini ya Nairobi yana umri wa miaka milioni chache tu, na mashapo yaliyoipa Turkana sifa yake duniani, kama ya Koobi Fora na Lothagam, yana umri wa chini ya miaka milioni 10. Katika mashapo hayo utapata mabaki ya viboko, mamba, nguruwe, jamaa za mababu zetu na ndege wa jamii ya mbuni, lakini si dinosaria. Pwani tunayo miamba ya kipindi cha Jurasiki, ila ilitandikwa chini ya bahari na hutoa visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhika katika miamba, vya viumbe wa baharini, si viota. Pamoja na hayo, nisikufungie mlango kabisa. Katika milima ya Lapurr, kaskazini magharibi mwa Ziwa Turkana, kuna mawe ya mchanga ya Kretasia, kipindi cha mwisho cha enzi ya dinosaria, ambamo watafiti wa Makavazi na wenzao kutoka Marekani wamepata mifupa ya dinosaria. Ikiwa shemeji yako alikuwa anachimba karibu na milima hiyo, swali lako linabadilika na linastahili kutazamwa upya. Ikiwa alikuwa kwingineko katika kaunti hiyo, mbuni ndiye mtuhumiwa wa kwanza.

Unaweza kujitazamia mwenyewe bila kudhuru chochote. Chukua lenzi inayokuza mara 10, weka kipande juu ya karatasi nyeusi, na umulike kwa taa kutoka ubavuni ili vivuli vijitokeze. Ganda la kweli limepinda kwa ulinganifu na unene wake haubadilikibadiliki. Upande wa ndani, ambao ni ule uliobonyea, huonyesha vifundo vidogo sana iwapo haujasagika. Upande wa nje wa ganda la mbuni ni laini, wenye vishimo vya vitundu vya hewa. Ukiona vinundu vilivyoinuka kila mahali upande wa nje, piga picha iliyo wazi na uiweke. Kipande bapa kabisa, au chenye unene unaoyumba, huenda ni chokaa ya udongo tu, gamba la kobe au kombe la konokono. Ukifika hapo simama, usikwangue wala kuvunja ukingo ili uone ndani.

Nahisi huenda neno mbuni limekuvunja moyo, na hapo ndipo ningependa kukushawishi zaidi. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba wamepata vipande vya protini ndani ya ganda la mbuni kutoka Laetoli, Tanzania, lenye umri wa takriban miaka milioni 3.8. Protini hiyo ilisalia katika joto lote la Afrika Mashariki kwa sababu ilikuwa imeshikamana na fuwele za kalisiti, na hii ndiyo sababu nilianza kwa kukukataza siki. Katika pango la Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha, watu wa takriban miaka 40,000 iliyopita walitengeneza shanga kwa ganda la mbuni. Na mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi wa shanga za aina hiyo zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 ya Afrika ya mashariki na kusini. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba takriban miaka 50,000 iliyopita watu wa pande hizo mbili walitengeneza shanga zinazofanana, ishara kwamba walikuwa na mawasiliano. Kwa hiyo kipande chenye ukingo uliochongwa au tundu lililotobolewa kinaweza kuwa na thamani kubwa kwa historia yetu kuliko ganda la dinosaria lililovukishwa bahari.

Lakini uchunguzi wa namna hiyo uliwezekana kwa sababu kila ushanga ulijulikana ulikotoka. Ganda lisilojulikana lilikookotwa ni kama risiti isiyo na tarehe wala jina la duka: ni halisi, lakini haliwezi kumthibitishia mtu yeyote jambo lolote. Mtafiti anayepata kipande pamoja na mahali pake anaweza kuuliza umri wa tabaka, mazingira ya wakati ule, na wanyama waliokuwapo. Anayepata kipande peke yake anabaki na kitu cha kupendeza tu. Mfukoni mwa shemeji vipande hivyo vilikuwa tayari vimeanza kupoteza habari zake, na kadiri miezi inavyopita ndivyo naye atakavyosahau ni ukingo gani wa mto.

Sheria yetu inakwenda njia hiyohiyo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu mabaki ya kale ya wanyama yaliyo ardhini kuwa mali ya Serikali. Anayegundua kitu cha aina hiyo anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata, na kukikabidhi. Kuchimba kwa nia ya kuvitafuta kunahitaji leseni, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Iwapo itaonekana kwamba vipande hivyo ni vya mbuni wa juzijuzi, bado huwezi kuviweka kabatini tu, kwa maana Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inahesabu mayai ya wanyamapori miongoni mwa nyara, na anayehusika hapo ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Siku 7 zimekwisha kupita, hilo ni kweli, lakini kuchelewa kusiwe sababu ya kunyamaza. Mpigie shemeji leo. Mwulize kama simu yake ilihifadhi picha au alama ya mahali, kama vipande vilikuwa vimetawanyika juu ya mchanga au vinachomoza kwenye tabaka la udongo, na kama kando yake kulikuwa na mifupa, mawe yaliyochongwa, majivu au shanga. Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe, hata yale yanayoonekana madogo. Mwambie pia asirudi kuokota vingine.

Kuhusu muuzaji wa mtandaoni, nitasema waziwazi. Argentina, kwa sheria yake ya mwaka 2003, Mongolia na China zote huhesabu visukuku vyao kuwa urithi wa taifa na zimezuia biashara ya kuvitoa nje. Mwaka 2012 mifupa ya Tarbosaurus, dinosaria wa Mongolia, iliuzwa kwa mnada New York. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 2013 mifupa hiyo ikarejeshwa Mongolia. Cheti anachokutajia muuzaji huyo kwa kawaida ni karatasi aliyoichapa mwenyewe ikisema kwamba kitu ni halisi. Haikuambii kwamba kilitoka nchini mwake kwa halali, na hilo ndilo swali la maana. Mwombe kibali cha serikali ya nchi kilikotoka, na uone atakavyojibu.

Yai zima lina tatizo jingine tena. Mengi yanayouzwa hivyo yametengenezwa kwa kubandika vipande halisi vya ganda juu ya kiini cha jiwe au plasta, na nafasi zilizobaki zikajazwa mchanga uliochanganywa na gundi. Vipande hukaa katika pembe zisizoafikiana, na gundi hung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Mengine ni mawe ya mviringo tu yasiyo na ganda lolote. Jihadhari vilevile na lebo inayotaja dinosaria kwa jina. Hakuna yai la Tyrannosaurus rex lililothibitishwa hadi leo, lakini ukitafuta utayakuta yanauzwa. Hata wataalamu wanahitaji kiinitete ndani ya yai kabla ya kumtaja mama. Msafara wa Wamarekani ulipopata mayai katika jangwa la Gobi mwaka 1923, mayai yale yalidhaniwa kuwa ya Protoceratops, na ikachukua miaka 70, hadi kiinitete kilipopatikana mwaka 1993 ndani ya yai la aina hiyo, kutambua kwamba yalikuwa ya jamii ya Oviraptor. Vivyo hivyo, viinitete vilivyopatikana Auca Mahuevo, Patagonia nchini Argentina, baada ya eneo hilo kugunduliwa mwaka 1997, ndivyo vilivyothibitisha kwamba mayai yale ni ya sauropodi, wale dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu.

Njia halali zipo. Nchini Marekani visukuku vinavyopatikana katika ardhi ya mtu binafsi ni mali ya mwenye ardhi, na baadhi ya vipande vya ganda kutoka Montana huuzwa pamoja na barua ya mwenye shamba na jina la mwamba vilimotoka. Ukipata kipande chenye nyaraka hizo, ukakitangaza kwa forodha kinapoingia, sioni kosa. Hata hivyo, kwa darasa lako nisingeanzia huko. Ningeanza na mayai ya kuku, bata, bata mzinga na kware wanaofugwa, na ganda la mbuni kutoka shamba lenye leseni, likiwa na risiti yake. Wanafunzi wavunje, wapime unene kwa kalipa, watazame vitundu, na watie siki wapendavyo, kwa sababu hayo hayana historia ya kupotea. Kisha waongezee nakala ya plasta au resini ya yai la dinosaria, ambayo mtoto anaweza kuishika bila mwalimu kushikwa na wasiwasi. Mayai ya ndege wa porini msiyaguse, hata maganda yaliyoachwa kiotani.

Ulitaka pia kujua jinsi ya kusafisha na kuhifadhi. Vipande vya shemeji visafishwe kwa brashi laini kavu tu, na udongo ulioshikilia uachwe, kwa kuwa udongo huo ni ushahidi wa mahali vilipolala. Usitumie gundi ya dukani, vanishi wala mafuta. Wahifadhi wa makavazi wakilazimika kuimarisha kisukuku hutumia resini iitwayo Paraloid B-72 iliyoyeyushwa katika asetoni, kwa sababu inaweza kuondolewa baadaye. Hiyo ni kazi ya mwenye mafunzo. Adui asiyetarajiwa wa vitu vya kalisiti ni kabati la mbao. Mbao nyingi, mbao za kubandikwa na hata kadibodi ya kawaida hutoa mvuke wa asidi, ambao katika unyevu wa majira ya mvua hula uso wa ganda na kuacha chumvi nyeupe kama unga. Tumia kisanduku cha plastiki ya polipropileni chenye sponji ya polithini ndani, weka pakiti ya jeli ya silika, na kila kipande kiwe na karatasi yake yenye namba, tarehe, mahali na jina la aliyekiokota. Namba isiandikwe kwenye ganda lenyewe. Ukiona unga mweupe, usiufute, onyesha mtaalamu.

Baada ya hapo, vipande hivyo vinahitaji kushikwa na mtu anayevijua, na mimi kwa barua siwezi kuwa mtu huyo. Nenda Makavazi ya Kitaifa, Museum Hill, ulizia idara inayoshughulikia visukuku, na ubebe vipande vyote vitano pamoja na maelezo ya shemeji na picha zake. Vibebe mwenyewe katika kisanduku, usivitume kwa kifurushi, na uombe maandishi ya kukiri kwamba vimepokelewa. Usichelewe hata siku moja ikiwa vilitoka upande wa Lapurr, ikiwa kuna mfupa ulioshikamana na ganda, ikiwa vipande vilikuwa vimejipanga kwa duara ardhini, au ikiwa mashine ya kuchimba kisima bado inafanya kazi mahali hapo. Katika hali hiyo ya mwisho, shemeji amweleze msimamizi wake asimamishe kazi kwenye sehemu hiyo, na apige simu Makavazi kutoka hukohuko Turkana badala ya kusubiri arudi Nairobi.